KILICHOKWAMA KOONI HAKINGOJI MAPAMBAZUKO

Hapana nyumba isiyo na sarafu, na hapana mtoto anayetambaa ambaye hajapata kuitia sarafu kinywani. Ndivyo mtoto wa miezi sita hadi miaka mitatu anavyoujifunza ulimwengu: hukiona kitu, hukishika, kisha hukionja. Mara nyingi mama hukiwahi. Mara nyingine hukuta kimekwisha kwenda, mtoto amekodoa macho, anakohoa, udenda unamtiririka. Hapo nyumba nzima hushikwa na fadhaa, na kila jirani huja na dawa yake. Huyu anasema apewe tonge la ugali, huyu anasema apigwe mgongoni, huyu anasema atiwe kidole atapike, na wa mwisho anasema aachwe alale, kwani kitatoka chenyewe kesho.

Makala haya yana nia ya kueleza kwa utaratibu kitu kilichomezwa kinakwama wapi, kinadhuru vipi, madaktari wanakitambuaje na wanakitoaje, na sisi wa nyumbani tunapaswa kufanya nini kabla ya kufika kwa daktari. Tutautazama mkasa huu kutoka mahali ambapo umbali wenyewe ni sehemu ya ugonjwa, yaani makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro, na mji wa Mbarara, kusini magharibi ya Uganda.

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo inakaliwa na watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na bombani. Viko vituo vya afya ndani ya makazi. Lakini kazi ya kuingiza chombo kooni mwa mtoto na kukitoa kitu kilichonasa inahitaji chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na daktari aliyefunzwa, na kwa hayo mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, kilomita 50 hadi 60 kutegemea kijiji anachotoka. Hospitali hiyo ndiyo inayofundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, nayo ina idara ya masikio, pua na koo.

UMIO NA NJIA ZAKE NYEMBAMBA

Nyuma ya koo mna njia mbili. Ya mbele ni ya pumzi, nayo huelekea mapafuni. Ya nyuma ni umio, mrija laini wa nyama unaopeleka chakula tumboni. Kwa mtu mzima umio una urefu wa sentimita 25 hivi. Si mpana sawasawa kutoka juu hadi chini, bali una mahali patatu palipobanwa: mwanzoni mwake, chini kidogo ya koromeo, katikati ya kifua, ambapo mshipa mkuu wa damu utokao moyoni huuegemea, na mwishoni, unapopenya kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo.

Kitu kilichomezwa hukwama katika mojawapo ya mahali hapo patatu, na kwa watoto sarafu nyingi hunasa pale pa kwanza. Sarafu za Uganda zina upana wa milimita 21 hivi kwa ile ya shilingi 50, na milimita 27 hivi kwa ile ya shilingi 100 yenye picha ya ng'ombe. Upana huo ni mdogo kiasi cha kupita kinywani mwa mtoto wa mwaka mmoja, na mkubwa kiasi cha kunasa umioni mwake. Kikishapita umio na kuingia tumboni, kitu laini kisicho na ncha kwa kawaida hutoka chenyewe na choo baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari huwa ni hili: kitu kiko umioni bado, au kimekwisha kushuka?

KUPALIWA NA KUKWAMA SI JAMBO MOJA

Ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kitu kikiziba njia ya pumzi, mtoto hawezi kulia wala kusema, midomo hugeuka rangi, na dakika chache tu hutosha kumwua. Huyo hapelekwi popote kwanza, bali husaidiwa pale pale. Aliye chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini ya kiwiliwili, akapigwa kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kisipotoka hugeuzwa chali na kubonyezwa katikati ya kifua mara tano, na kurudiwa. Aliyezidi mwaka mmoja hupigwa mgongoni vivyo hivyo, kisha msaidizi husimama nyuma yake, akamkumbatia juu ya kitovu na kuvuta kwa ghafula ndani na juu mara tano. Akiwa anakohoa kwa nguvu na analia, aachwe akohoe, kwa maana kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yetu.

Lakini kitu kikikwama umioni mtoto huendelea kuvuta pumzi. Huyo asipigwe mgongoni wala asipinduliwe miguu juu, maana kitu kinaweza kuacha njia ya chakula kikaingia njia ya pumzi, na balaa ndogo ikageuka kubwa.

DALILI ZA KUZIANGALIA

Dalili za kitu kilichokwama umioni ni hizi: mtoto hutokwa na udenda mwingi kwa sababu hawezi kumeza mate, hukataa chakula, au hula kidogo na kukirudisha, hulia anapomeza, hushika shingo au kifua, hukohoa au kukoroma anapovuta pumzi. Aliyekwisha kujua kusema atakuonyesha kwa kidole panapouma. Damu kinywani, homa, maumivu makali ya kifua au shingo kuvimba ni alama kwamba umio umejeruhiwa.

Hata hivyo, watoto wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Hucheka na kucheza, na sarafu imo. Siku zikipita, sarafu hula ukuta wa umio polepole na kuubana mrija wa pumzi ulio mbele yake. Mtoto huanza kukohoa na kukoroma usiku, naye hupewa dawa ya pumu au ya kichomi, wiki baada ya wiki, bila nafuu. Hali ya namna hii imeandikwa mara nyingi katika vitabu vya uganga. Kwa hiyo mzazi aliyeona sarafu ikitoweka mkononi mwa mtoto, na asiione popote, ampeleke akapigwe picha hata kama mtoto anacheka.

BETRI NDOGO, ADUI MKUBWA

Miongoni mwa vitu vyote vinavyomezwa, kimoja kinastahili kuogopwa kuliko vingine. Ni betri bapa ya duara, mfano wa kifungo cha shati, inayotiwa katika saa, vitu vya kuchezea, kipimajoto, vitasa vya gari vya kubonyeza na viatu vya watoto vinavyowaka taa. Ikinasa umioni, mate huunganisha pande zake mbili, na umeme huanza kupita katika nyama. Umeme huo hutengeneza magadi makali, na magadi huunguza. Ndani ya saa mbili tu jeraha kubwa huweza kutokea. Zaidi ya hapo umio huweza kutoboka, tundu likafunguka hadi njia ya pumzi au hadi mshipa mkuu wa damu. Betri zenye upana wa milimita 20 ndizo zinazoua zaidi, na hata ile iliyokwisha nguvu katika saa bado ina umeme wa kutosha kuunguza koo la mtoto.

Tukumbuke tena zile kilomita 50 au 60. Mtoto akimeza betri saa 12 jioni, na wazazi wakakubaliana wangoje kuche, watakapoondoka saa 12 asubuhi betri itakuwa imeunguza kwa saa 12 nzima. Barabara ya Mbarara hatuwezi kuifupisha. Tunachoweza kukifupisha ni ule muda unaopotea nyumbani kwa kushauriana. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nasi katika jambo hili tunaweza kusema huumiza na koo.

Kwa betri peke yake, ikijulikana wazi kwamba imemezwa na saa 12 hazijapita, madaktari wameruhusu msaada mmoja wa nyumbani. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, asiye na homa wala damu kinywani, apewe vijiko vidogo viwili vya asali kila baada ya dakika 10 wakati safari ikiendelea, visizidi mara sita. Asali huufunika ukuta wa umio na kupunguza ukali wa magadi. Haiitoi betri, wala haimpi mtu ruhusa ya kuchelewa hata dakika moja kwa kuitafuta. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, maana inaweza kumletea sumu ya kulegeza mwili.

MIIBA, MIFUPA NA PINI

Wakazi wa Nakivale wana ziwa mlangoni, na samaki ni kitoweo cha wengi. Mwiba wa samaki mara nyingi hukwama juu, kwenye mafindofindo au shina la ulimi, ambako mganga huweza kuuona kwa taa na kuutoa kwa koleo ndogo. Ukishuka umioni huwa na hatari zaidi. Hapa ndipo mila ya tonge inapotudhuru. Tonge la ugali, ambao Uganda huitwa posho, pande la matoke au muhogo mkavu huusukuma mwiba ndani ya nyama badala ya kuuondoa. Mwiba uliotoboa umio hupeleka mate na uchafu kifuani, usaha ukajikusanya karibu na moyo, na hali hiyo huua hata penye hospitali kubwa.

Pini nazo zina habari yake. Akina mama wengi hubana pini za mtandio kwa meno wanapojifunga, mafundi cherehani hufanya hivyo na sindano, na maseremala na misumari. Kicheko kimoja au chafya moja hutosha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Meno yetu si mahali pa kuwekea vyombo vya kazi.

WATU WAZIMA NAO

Askari asidhani kwamba habari hii ni ya watoto peke yao. Mtu mzima hukwamwa na pande la nyama lililomezwa kwa haraka kabla ya zamu, na kipande cha mfupa katika nyama choma, na kizibo cha chupa iliyofunguliwa kwa meno, na meno bandia yaliyolegea usingizini au katika ulevi. Anayeshindwa kumeza hata mate yake asingoje. Hali yake ni ya dharura sawa na ya mtoto.

Liko na jambo lingine. Mtu mzima ambaye nyama humkwama mara kwa mara, kisha hata chakula laini, yafaa achunguzwe umio wenyewe. Huenda una kovu la zamani, na huenda una saratani. Afrika ya Mashariki, Uganda ikiwamo, ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya umio huonekana kwa wingi. Kuondoa pande la nyama bila kuuliza kwa nini lilikwama ni kuziba ufa na kuuacha msingi ukibomoka.

HOSPITALINI HUFANYIKA NINI

Daktari huanza kwa kuuliza: kimemezwa nini, saa ngapi, na mgonjwa amekula nini tangu hapo? Kwa hiyo mzazi achukue kitu kinachofanana na kilichomezwa, kama sarafu nyingine ya namna ile, betri nyingine au kasha lake. Kisha hupigwa picha ya eksirei ya shingo, kifua na tumbo, mbele na ubavuni.

Picha hiyo ina ujuzi wake. Sarafu iliyo umioni huonekana duara kamili katika picha ya mbele, kwa kuwa umio umelala bapa. Iliyo katika njia ya pumzi kwa kawaida huonekana imesimama kwa ukingo, kama mstari, maana pete za njia ya pumzi ziko wazi kwa nyuma tu. Betri hujitambulisha kwa kuwa na duara mbili, moja ndani ya nyingine, na ukitazama picha ya ubavuni huona kingo zake zina ngazi. Asiyetazama kwa makini huiita betri sarafu, na kosa hilo hugharimu uhai. Miiba mingi ya samaki, plastiki na vijiti havionekani katika eksirei. Picha safi si ushahidi kwamba hakuna kitu, na mgonjwa anayeendelea kuumia huchunguzwa kwa chombo.

Askari wa zamu watapenda kujua kwamba kile kifaa cha mkononi cha kutambua vyuma, wanachokipitisha juu ya nguo za wageni langoni, kimekwisha kujaribiwa hospitalini na kikafaulu kuonyesha kama sarafu iko kifuani au imeshuka tumboni. Lakini hakiwezi kutenganisha sarafu na betri, kwa hiyo hakiondoi haja ya eksirei.

Kuhusu muda, madaktari wana kanuni. Betri iliyo umioni, kitu chenye ncha kali, au kitu kilichoziba hata mate, hutolewa haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili. Sumaku mbili au zaidi nazo ni dharura, maana huvutana na kubana nyama kati yake. Sarafu kwa mtoto asiye na taabu yoyote huweza kuangaliwa hospitalini kwa saa kadhaa, kwa sababu baadhi hushuka zenyewe, lakini isipite saa 24 ikiwa bado umioni.

Njia inayotumika sana ya kuitoa ni hii. Mgonjwa hutiwa nusu kaputi, kichwa kikalazwa nyuma, na daktari akapitisha kinywani mrija mnyofu wa chuma wenye taa. Anapokiona kitu, hukishika kwa koleo ndefu na kukitoa pamoja na mrija. Mahali pengine hutumiwa mrija unaopindika wenye kamera, hasa kwa watu wazima. Kisha daktari huutazama tena umio, kuona kama umejeruhiwa au kama kimebaki kitu cha pili. Kwa sarafu iliyowahiwa, kazi hiyo mara nyingi huchukua dakika chache, na mtoto hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili. Kwa betri haishii hapo. Jeraha huweza kuendelea kwa siku na hata wiki baada ya betri kutoka, na mzazi hana budi kumrudisha mtoto kila anapoambiwa, na kukimbia naye akitapika damu.

Ujuzi huu haukushuka kwa siku moja. Mwaka 1868 daktari Adolf Kussmaul wa Freiburg, Ujerumani, alimtumia mtu wa mazingaombwe aliyezoea kumeza panga ili kuthibitisha kwamba mrija mnyofu unaweza kupita umioni. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei. Naye Chevalier Jackson wa Marekani, aliyeishi mwaka 1865 hadi 1958, alitoa katika makoo na mapafu ya watu vitu zaidi ya elfu mbili: pini, sarafu, mifupa, vifungo na vitu vya kuchezea. Alivihifadhi, na hata leo vinaonekana katika makumbusho ya Mütter mjini Philadelphia. Funzo la mkusanyiko huo ni kwamba karibu vyote vilikuwa vitu vya kawaida vya nyumbani.

WAJIBU WETU

Kitu kikishamezwa, mambo ya kufanya ni haya. Mtoto akalishwe wima na atulizwe. Asitapishwe, asitiwe kidole kooni, asipewe tonge, siki wala dawa ya kuharisha. Asile wala asinywe chochote, ila asali kwa sharti tulilolitaja, kwa maana nusu kaputi hutaka tumbo tupu. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, mzazi aseme bila kuficha kilichomezwa na saa yake, na aombe barua ya rufaa mara ikihitajika. Katika vituo na hospitali za serikali ya Uganda ada za matibabu zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, kwa hiyo hofu ya ada isimfunge mtu nyumbani.

Maandalizi hufanywa kabla ya msiba. Kila familia iwe na nambari ya simu ya kituo cha afya, imjue jirani mwenye pikipiki anayekubali kutoka usiku, na itenge nauli ya dharura isiyoguswa. Wanaoishi katika kambi za jeshi na nyumba za polisi wana zahanati na ofisa wa zamu. Mke wa askari ajue mlango wa kugonga wakati mumewe yuko kazini mbali.

Kinga nayo haina gharama kubwa. Sarafu ziwekwe juu, si juu ya mkeka wala katika mfuko wa suruali iliyotundikwa chini. Mtoto asipewe sarafu ili anyamaze. Betri mpya zifungiwe, na za zamani zitupwe chooni mara moja, wala zisiachwe dirishani. Kifuniko cha betri katika kitu cha kuchezea kisicho na skurubu kifungwe kwa gundi ya karatasi. Samaki wa mtoto achambuliwe kwa vidole, si kwa macho. Na mwalimu wa darasa la kwanza atenge dakika chache kuwaambia wanafunzi wake kwamba kinywa ni mlango wa chakula, si mfuko wa kuwekea hela ya maandazi.

Kijiji cha Nakivale kilicho mbali kabisa na barabara hakiwezi kuwa na chumba cha upasuaji kesho asubuhi. Lakini kinaweza kuwa, tangu usiku huu, na mama anayejua kwamba mtoto anayetiririkwa na udenda hapewi tonge, na baba anayejua kwamba betri haingoji mapambazuko. Anayelijua hilo na amwambie jirani yake.